Neno Moja kwenye Barua ya Baba

Baba alikuwa mkalimani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi kuliko niliyofundisha mimi. Kwenye karatasi za ajira aliandikwa karani, na kweli asubuhi alifanya ukarani, akipanga majalada na kuita watu kutoka kibarazani. Lakini watu wa Sengerema walimjua kwa ile kazi nyingine. Alipofika mzee asiyejua Kiswahili, au anayekijua cha gulioni tu, baba alisimama kati yake na hakimu. Maneno ya Kisukuma aliyageuza Kiswahili, na ya hakimu akayarudisha kwa Kisukuma. Tulipokuwa wadogo haikufaa kumwendea na kusema kwamba fulani amesema vibaya. Amesemaje? Alitaka maneno yenyewe, kwa mpangilio wake. Ukimpelekea ugomvi wa kitoto ulijikuta unatoa ushahidi.

Mimi nikawa mwalimu wa Kiingereza. Nilisomea ualimu Butimba, nikapangiwa shule huku na huku, na sasa nafundisha sekondari moja upande wa Buswelu, hapa Mwanza, ambako pia nimejenga. Nayataja haya ili ieleweke kwamba siku baba aliponipa barua ya daktari nimsomee, sisi wote wawili tulikuwa tunaijua kazi hiyo.

Alikuwa amekaa kwangu karibu miezi miwili. Mgongo ulianza kumuuma akiwa nyumbani, akadhani ni jembe, akaupaka dawa ya kuchua msimu mzima wa kupalilia. Aliposhindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono, hospitali ya Sengerema ikamwandikia aje Mwanza. Huku walikuta ugonjwa umeanzia kwenye tezi dume na umeshafika kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Hayo aliambiwa mbele yangu, akayapokea kwa kutikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa shitaka. Daktari aliuliza kama tuna swali. Baba akasema hana. Mimi nilikuwa nalo, nikaogopa kuliuliza.

Alipigwa mionzi siku moja. Baada ya wiki moja hivi maumivu yakapungua, akaweza kutembea hadi kwenye geti na kurudi, akaanza kuniuliza habari za wanafunzi wangu. Lakini ile siku moja ilimkaa moyoni. Kwenye benchi la kusubiria alikuwa amekaa na mwanamume mmoja wa Magu ambaye alikuwa anaingia wiki ya nne ya mionzi, kila siku ya kazi. Baba akaniuliza kwa nini mwenzake apewe wiki nyingi na yeye siku moja. Nikamwambia magonjwa hayafanani. Akasema hilo analijua.

Barua ilitoka Ijumaa. Ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, haikugundishwa, na ilitakiwa kumfikia daktari wa Sengerema ambaye angeendelea kumwangalia siku atakayorudi nyumbani. Jumamosi alasiri baba alikaa sebuleni, akavaa miwani yake ingawa msomaji ni mimi, akasema hajawahi kubeba hati asiyoijua na hataanza uzeeni. Nisome sentensi moja kwa Kiingereza, kisha niitafsiri, kisha ifuate nyingine.

Nilianza vizuri. Umri wake, vipimo alivyofanyiwa, siku aliyopigwa mionzi. Kisha ikaja sentensi fupi iliyosema kwamba lengo letu kuanzia sasa ni to palliate. Jicho lilikuwa limeshaliona lile neno kabla mdomo haujalifikia, na katika nafasi hiyo ndogo nikafanya nilichofanya. Nikasoma sentensi kwa Kiingereza, halafu nikasema, "Lengo letu kuanzia sasa ni kumtibu." Nikaingia sentensi inayofuata bila kuvuta pumzi.

Baba akainua kidole. Akataka nirudie ile iliyopita, kwa Kiingereza. Nikarudia.

"Hilo neno la mwisho," akasema. "Litamke peke yake."

Nikalitamka. Akasema sawa, akaniacha nimalize barua, akaiomba, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile na kuirudisha kwenye bahasha.

Palliate si neno la kila siku hata kwa wenye lugha yao. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha insha sijaliona kwa mwanafunzi hata mmoja. Nililijua kwa kusoma, kama unavyomjua jirani wa mbali ambaye humsalimii. Lakini nililijua vya kutosha kujua kwamba ndani yake hamna kupona.

Kesho yake niliporudi kutoka kanisani nilimkuta mezani na kamusi zangu mbili, ile ndogo ya Kiingereza na Kiswahili iliyochanika jalada na ile kubwa ya Kiingereza kitupu. Mbele yake kulikuwa na daftari la mazoezi nililomnunulia aandike saa za kumeza dawa. Alikuwa amelinakili neno kutoka kwenye barua, herufi moja moja, kwa ule mwandiko wake wa mahakamani uliosimama wima. Chini yake alikuwa ameandika maneno mengine aliyoyatafuta, cure, heal, treat, relieve, na mbele ya kila moja Kiswahili alichokikuta. Kiingereza chake kilikuwa cha fomu na mihuri, lakini kamusi alijua kuitumia kuliko wanafunzi wangu.

Baba aliniita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alivua miwani.

"Mayu," akasema, "jana ulinitafsiria, au ulinionea huruma?"

Nilikuwa bado nimeshika mkoba na kitabu cha nyimbo. Nikamwambia nilimwonea huruma. Nikaanza kulia nikiwa nimesimama, nikajaribu kueleza kwamba kutibu si uongo mtupu, kwamba neno hilo linaweza kubeba dawa ya aina yoyote, hata ile isiyoponyesha.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana ulilichagua."

Hakusema kwa hasira. Alisogeza kiti cha pembeni nikae, akasubiri ninyamaze, kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia, na sidhani kama mama yangu alikuwa analijua.

Alikuwa bado kijana kazini. Ilikuja kesi ya shamba kati ya mjane mmoja na shemeji yake. Mjane alikuwa mtu mzima, hajui Kiswahili, na hajawahi kusimama mbele ya hakimu. Akaulizwa aliondokaje kwenye shamba la marehemu mumewe. Alijibu kwa Kisukuma kwamba shemeji alimfukuza, na akaeleza alivyomfukuza, mbele ya nani na kwa matusi gani, maneno ambayo mwanamke wa umri wake hatamki mbele ya wanaume. Chumba kizima kilimwelewa isipokuwa hakimu, ambaye alikuwa mgeni wa kule. Watu wakaanza kuangua vicheko pale nyuma. Yule mama akainamisha kichwa. Baba alitaka tu jambo lile limwishie upesi, asiaibike tena kwa lugha ya pili. Akamwambia hakimu: anasema shemeji yake alimtaka ahame, akahama.

Hakimu aliandika hivyo. Alimtaka ahame, akahama. Hukumu ilipotoka ilisema mjane aliondoka kwa hiari yake, na shamba likaenda kwa shemeji.

"Haikuwa sentensi hiyo peke yake," baba alisema. "Kulikuwa na mengine kwenye kesi. Lakini hiyo ilikuwepo, na niliitia mimi."

Mama yule aliishi miaka mingi baadaye. Aliuza michembe gulioni, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Kila wiki baba alimpita na kumwamkia, na kila wiki yule mama alimwitikia na kumshukuru kwamba siku ile ni yeye peke yake mahakamani ambaye hakumcheka. Hakujua. Baba hakuwahi kupata ujasiri wa kumwambia, mpaka yule mama akafariki.

Baba akarudisha miwani yake, akafungua daftari ukurasa mpya na kunisogezea kalamu.

"Sasa nitafsirie."

Ndivyo tulivyoshinda Jumapili ile. Sijawahi kufundisha kipindi kigumu namna hiyo, wala kupata mwanafunzi msikivu namna hiyo. Nilianza na cure, nikasema hilo ni la kumaliza kabisa, ugonjwa uondoke mwilini na usirudi. Heal linakaa karibu zaidi na kidonda kinapofunga, na linaweza kusemwa hata kwa moyo wa mtu aliyeumizwa. Treat linasema daktari anafanya jambo, lakini haliahidi matokeo. Hapo baba aliniangalia juu ya miwani, nikapita haraka. Relieve ni kama kumpokea mtu mzigo kichwani akapumua. Alleviate linakaribia kulekule, lakini mzigo unabaki kichwani, ila umekuwa mwepesi. Soothe nilimwonyesha kwa mkono, kama unavyompapasa mgongo mtoto aliyeamka na homa. Mitigate alilijua mwenyewe bila mimi. Mtu ameshatiwa hatiani, akasema, kabla ya adhabu anaruhusiwa kuomba apunguziwe.

"Na hili?" akauliza, akaweka kidole kwenye palliate.

Nikamwambia hili lilitoka kwenye neno la kale lililomaanisha joho, vazi pana la kujifunika. Kwa hiyo ndani yake, ukilichunguza, kuna mtu anayemfunika mwingine. Ugonjwa uko palepale, hauguswi, lakini mgonjwa anafunikwa usimpige vibaya.

"Kama blanketi," akasema.

"Kama blanketi."

Akaandika. Kisha akauliza kwa nini kamusi ndogo, baada ya kusema kutuliza maumivu, iliweka pia kutetea kosa. Nilikuwa nimeomba asiulize. Nikamweleza kwamba zamani neno hilohilo lilitumika pia kwa mtu anayelifunika kosa kwa maneno laini mpaka lionekane dogo. Baba akafikiri, kisha akaanza kucheka, kwanza kimyakimya, halafu mpaka akashika mgongo. Akasema basi jana nililifanya neno lenyewe badala ya kulitafsiri. Nikacheka na mimi, na macho yangu bado mabichi.

Kiswahili cha neno hilo hakikutulia upesi. Tulijaribu kutuliza, akasema unamtuliza mtu mwenye hasira. Kupunguza lilikuwa kavu mno kwake. Kuliwaza ni la msibani. Alipenda kupoza, kwa sababu ya ule ubaridi wake, lakini hapo akaniambia jambo ambalo lilikuwa linamsumbua hata kazini. Kule kwetu mtu akitoka kuumwa anaweza kusema nimepoa na akamaanisha nimepona. Kati ya kupoza na kuponya ni kama herufi tu zimebadilishana, na mkalimani mzembe anaweza kumvusha mtu kutoka neno moja hadi lingine bila mwenyewe kujua. Basi akaacha nafasi wazi kwenye daftari. Akasema tumwulize mwenye barua.

Jumatano tulirudi hospitali. Daktari alikuwa dada wa umri wa wadogo zangu, mtu wa Kagera, mpole wa sauti. Alimwamkia baba shikamoo, akaitikiwa, akadhani tumekuja kwa sababu ya maumivu. Baba akamwambia maumivu yanavumilika. Akatoa barua, akaifungua kwenye mstari ule na kueleza kwamba binti yake amemwambia neno hili halina kupona ndani yake, na kwamba binti ni mwalimu na anamwamini, lakini anataka kulisikia kwa aliyeliandika.

Daktari alinitazama mimi kwanza. Sikumsaidia. Akaiacha kalamu, akavuta kiti kutoka nyuma ya meza hadi upande wetu.

"Mzee, ni kweli," akasema. "Hatuwezi kuuondoa. Tunachoweza ni kuhakikisha huumii, unalala, unakula, unakaa na watu wako."

Baba akamshukuru. Akauliza ni muda gani, akaambiwa hakuna ajuaye, ila yeye angefikiria miezi, si miaka. Akashukuru tena. Mimi nilikuwa nimeshika kona ya meza. Kisha, kwa jinsi alivyokuwa, akamwuliza daktari huduma hiyo wao wanaiitaje kwa Kiswahili.

Wanaiita tiba shufaa, daktari akasema.

Baba alilirudia mara mbili. Shufaa alilijua kwa rafiki yake mmoja Mwislamu waliyefanya naye kazi, aliyelitumia kwa maombezi, mtu kumsimamia mwingine na kumwombea mbele ya mwenye mamlaka. Akauliza kama ndilo hilohilo. Daktari akakiri kwamba alifundishwa neno likiwa limeshatengenezwa na hajawahi kuuliza lilikotoka. Baba akasema si kitu, litafaa. Alilinakili kwenye ile nafasi aliyoiacha, na alipomaliza akamwambia daktari kwamba yeye angependa kuombewa akiwa nyumbani kwake.

Hapo ndipo nilipouona uzito wa kosa langu. Kama angebaki na neno langu, angebaki Buswelu. Angekaa kwenye chumba changu cha wageni, akihesabu siku za mionzi za watu wengine na kusubiri tiba inayofuata, na mke wake akimsubiri ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Mtu anayetibiwa hukaa karibu na hospitali. Baba alipopata neno lake sahihi alifunga mkoba siku ileile.

Tulivuka kwa kivuko cha Kamanga siku ya Ijumaa asubuhi. Nilitaka akae ndani ya gari alilotuazima mwalimu mwenzangu, akakataa. Alisimama kwenye ukingo, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye bega langu, akiangalia maji na mawe ya mji yakirudi nyuma. Upepo ulikuwa mdogo. Alinisemesha juu ya bei ya pamba na juu ya mwanafunzi wangu mmoja anayekataa kusoma kwa sauti. Ugonjwa hakuutaja. Chupa ya mofini, ile dawa ya maji ya maumivu aliyopewa, nilikuwa nimeifunga kwenye kitenge na kuipakata kama yai.

Mama yangu hajui Kiingereza, na Kiswahili anakitumia na wageni. Njia nzima nilikuwa najiandaa jinsi ya kumweleza. Tulipofika, tukanywa maji, majirani wakasalimia na kuondoka, baba akanizuia kwa mkono. Alisema kazi hiyo ni yake.

Nilidhani atatafuta neno. Alikuwa na Kisukuma kipana kuliko mtu yeyote niliyemjua, na nilikaa nikisubiri kwa udadisi ambao sasa unanitia aibu kidogo, nione atachagua lipi. Hakuchagua hata moja. Alimwambia mama sentensi nne fupi, akimtazama. Hawataniponya. Wamenipa dawa ili nisiumie. Nitakula chakula chako na kulala kwenye kitanda changu. Halafu nitakwenda.

Mama alikuwa anachambua mchicha. Aliendelea mpaka jani la mwisho, akafuta mikono kwenye khanga.

"Nilijua tangu ulipoondoka," akamwambia. "Nilikuwa naogopa watakuficha."

Akanyanyuka kwenda jikoni. Baba hakuniangalia, na nilimshukuru kwa hilo.

Miezi iliyofuata nilikuwa naenda kila Ijumaa nikitoka darasani na kurudi Jumapili. Niliogopa nyumba ya mgonjwa, kumbe nilikuta nyumba yenye shughuli. Muuguzi wa huduma ya nyumbani alikuwa anakuja kila wiki kwa pikipiki, mwanamke mnene mcheshi ambaye naye alitoka Kagera na alikuwa na Kisukuma cha salamu tu. Alikuwa na fomu. Fomu ilimtaka aulize maumivu ni kidogo, ya wastani au makali. Baba aliitazama fomu ile akamwuliza yule muuguzi kama anajua kwamba kuna maumivu yanayochoma, yanayokata, yanayovuta, yanayopwita na yanayochonyota, na kwamba mtu wa kule anaweza kuvumilia moja na akashindwa na lingine. Muuguzi akasema anajua, tatizo wazee hawamwambii.

Alikuwa na mgonjwa mwingine njia ileile, mzee wa ng'ombe aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni. Kila alipoulizwa alijibu kwamba hajambo. Baba akaomba apelekwe. Walimpakia kwenye pikipiki, mama akipiga kelele kwamba wamechanganyikiwa wote wawili, wakaenda polepole sana. Nilifuata kwa miguu. Baba aliketi kando ya kitanda cha yule mzee na kumwuliza kwa Kisukuma, si kama anaumwa, bali usiku anageukia upande gani, na nguo ikigusa mguu inakuwaje. Mzee akazungumza kwa muda mrefu. Alikuwa anasema hajambo kwa sababu swali alivyolielewa aliona anaulizwa kama amekata tamaa. Baba aliyasema yote kwa Kiswahili neno kwa neno, pamoja na tusi moja ambalo mzee aliutukana mguu wake, na hakulilainisha. Muuguzi akaandika pembezoni mwa fomu kwa sababu ndani hapakutosha. Wiki ile mzee akaongezewa dawa.

Baada ya hapo muuguzi alikuwa anampitia. Hawakwenda mara nyingi, pengine nyumba nne au tano kwa jumla, mpaka mwili ukakataa pikipiki. Halafu akawa anakuja na maswali yake, baba anamfundisha namna ya kuyauliza, akimrekebisha matamshi akiwa amelala. Kuna wakati niliwakuta wanabishana juu ya neno moja huku mama akicheka dirishani. Baba alikuwa amekonda, sauti imekuwa nyembamba, na nadiriki kusema alikuwa na furaha.

Siku za mwisho alilala zaidi. Muuguzi alinionyesha kupima dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kumlowesha midomo kwa pamba. Nilichukua likizo. Asubuhi moja alifungua macho, akaniambia mgongo haumuumi. Nikamwuliza kama ana uhakika, au ananionea huruma. Akatabasamu. Akasema, "Hapana, Mayu. Hauumi kweli."

Nilimwamini. Alifariki siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, mama akiwa amemwegemeza kifuani, mimi nikiwa nimeshika miguu yake ambayo ilikuwa imeanza kupoa. Hakukunja uso. Tulikaa hivyo kwa muda kabla mmoja wetu hajakubali kwamba kifua hakipandi tena.

Msiba ulijaa. Walikuja watu wa mahakamani, wa kanisani, na wengine ambao hatukuwajua, kila mmoja akisema kwamba siku fulani mzee alimsimamia. Yule mzee wa ng'ombe alimtuma mwanawe na debe la mahindi.

Matanga yalipoanuliwa na watu kutawanyika, tulibaki mama na mimi. Kesho yake niliamka jua limeshapanda. Uwanja haukufagiwa, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu pale nyumbani. Nilikwenda chumbani kwa mama kwa woga. Alikuwa ameketi kitandani, nywele hazijasukwa, alama ya mto shavuni.

"Nimelala," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeungama. "Nimelala mpaka saa hizi, na yeye hayupo."

Nikamwambia alikuwa hajalala vizuri kwa miezi mingi. Nikamlaza tena, nikavuta pazia, nikamwambia uji nitapika mimi. Aligeukia ukutani. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshaanza kukoroma.